Mtu wa Ng'ambo Alivyorudishwa

Baba mdogo hakuwahi kuandika neno hata moja kwenye lile kundi. Alikuwa fundi wa friji, mikono yake ilikuwa na grisi kuanzia asubuhi, kwa hiyo akitaka kusema kitu alibonyeza simu kwa kifundo cha kidole gumba, akaongea. Sauti yake ilikuwa nzito na ya taratibu, na kila alipomaliza alikohoa kidogo kabla hajaachia. Nimezisikiliza sauti zile mara nyingi sana tangu afe. Kikohozi kile kimo kwenye karibu zote.

Kundi lenyewe lilikuwa la simulizi. Mtunzi ni mtu wa Dar ambaye hatujawahi kumuona, na yeye ndiye alikuwa admini. Alituma sehemu moja, mara nyingine mbili kwa wiki, halafu wasomaji wanatoa maoni yao hapohapo chini. Simulizi ilihusu watu wa kale kabisa, kabla ya chuma, kabla ya mahindi, wanaoishi mapangoni karibu na bahari na kufanya kila kitu kwa mawe. Kuna binti wa pangoni anayeokota kome ufukweni. Ng'ambo ya mto kuna watu ambao kabila lake linawaogopa. Siku moja mwanaume mmoja wa huko anavuka akiwa ameshikilia gogo, anatua mbele ya binti, na mapenzi yanaanzia hapo. Hawana majina. Mtunzi aliwaita Binti wa Kome na Mtu wa Ng'ambo, akasema enzi hizo majina yalikuwa hayajaanza.

Baba mdogo alizaliwa huko Ruvuma inakoingia baharini, kwenye mikoko. Aliposoma ile sehemu ya gogo alibonyeza simu akasema: "Mtunzi, huo mto naujua. Huo ni Ruvuma. Hapo tulikuwa tukivuka udogoni, na magogo tulitumia." Kikohozi. Mtunzi akajibu, "Mzee umenifumania." Kuanzia siku hiyo kundi zima likamwita Mzee wa Mtoni. Hakuwa mzee. Ilikuwa ile sauti tu.

Jioni akishanawa mikono kwa sabuni ya unga alimsomea simulizi mkewe, mama mdogo, ambaye ni mdogo wake mama yangu. Hawakujaliwa watoto. Mama mdogo anajua kusoma, lakini alikuwa akisema simulizi ikisomwa kimya inakuwa kama kula peke yako. Nikiwa kwao mwishoni mwa wiki nilikaa mlangoni nasikiliza na mimi, nikijifanya natazama kitabu cha baiolojia.

Alianguka mchana, kwenye kibanda chake Chikongola, akiwa amepiga magoti mbele ya friji la mtu. Walisema presha. Ndugu zake wakamchukua kwenda kumzika kwao, huko mtoni, na kama ilivyo kwetu sisi wanawake hatukwenda makaburini. Kilichorudi ni mfuko wa rambo wenye kofia yake, bisibisi, na simu.

Mama mdogo akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, mjane anakaa nyumbani mwake, hatoki bila dharura, hagusi manukato wala wanja wala hina, havai cha kupendeza. Mama akasema nihamie kwake Ufukoni maana ni karibu na shule kuliko kwetu Mtawanya, na mjane hafai kubaki na kuta. Mimi ni mtu wa aibu. Darasani nikiitwa kujibu sauti inakwama kooni mpaka mwalimu anasema, "Toa sauti binti, hatukuli," na wenzangu wanacheka. Nikaogopa nitamfariji vipi mtu wakati hata salamu inanishinda. Kwa bahati yeye naye alikuwa haongei. Tulikaa wawili, tukanyamaza vizuri.

Wiki za kwanza nyumba ilijaa. Halafu watu wakapungua, kama kawaida, kila mtu na shughuli zake. Siku moja alasiri mama mdogo akatoa simu ya marehemu chini ya mto wa kulalia, akanipa.

"Aliishia pale wanapohama pango," akasema. "Endelea."

Nilidhani sitaweza. Lakini kusoma maneno ya mtu mwingine si sawa na kuongea. Maneno yapo tayari, wewe unayapitisha tu. Nilisoma, na sauti haikukwama.

Aliyetukuta wa kwanza ni wifi yake, yaani dada wa marehemu. Alisimama mlangoni na kikapu chake cha dagaa, akasikiliza mpaka Mtu wa Ng'ambo akamshika binti mkono.

"Astaghfirullah. Ndani ya eda, wifi? Mapenzi?"

Aliyejibu ni bibi jirani, Mmakonde wa nyumba ya nyuma, aliyekuwa amekaa uani akisuka ukili wa mkeka. "We naye. Ntu wa eda kakatazwa manukato. Hao wa mapangoni manukato wameyajulia wapi? Wananuka samaki tu. Soma, mwanangu."

Wifi alicheka bila kutaka. Akaketi. Akaanza kuchambua dagaa wake, na hakuondoka mpaka sehemu ikaisha.

Baada ya hapo wakawa wanakuja kila alasiri. Bibi na ukili wake, wifi na dagaa, na mke wa mwalimu, mwenyeji wa Njombe, Mkristo, ambaye aliuliza maswali mengi kuhusu eda kwa sauti ya chini kama mtu aliye hospitali. Wengine waliingia na kutoka. Kila mmoja alikuja na kazi yake ya mikono, mimi nikakaa kwenye kigoda katikati. Kiukweli zile zilikuwa siku nzuri, japo najua si vizuri kusema hivyo kuhusu nyumba ya msiba. Mama mdogo alikaa na mgongo ukutani, macho chini. Lakini alikuwa anasikiliza. Kuna mahali Binti wa Kome anampiga pweza kwa jiwe, bibi akadakia, "Muongo huyo mtunzi, pweza hapigwi jiwe namna hiyo, atakimbia na jiwe lenyewe," na mama mdogo akatabasamu. Wifi alinigusa kwa goti kuniambia nimuone.

Kule kundini nako walianza kuuliza. "Mzee wa Mtoni mbona kimya?" "Mzee tunakosa sauti yako." "Au mto umefurika?" Nilimsomea mama mdogo wageni walipokuwa wameondoka. Nikamuuliza niwaambie?

"Wanamsalimia yeye?"

"Ndiyo."

"Basi wajibu. Sema yupo."

Niliandika: Nipo. Kavu vile. Zikaja alama za kucheka na za mioyo, watu ambao hatuwajui, wa Tanga, wa Mwanza, mmoja yuko Omani, wote wanafurahi kwamba Mzee yupo. Nilizisoma zote kwa sauti. Mama mdogo alifumba macho, akaniambia nirudie ya yule wa Omani.

Tukawa tunafanya hivyo. Yeye anasema, mimi naandika. Alijua kabisa marehemu angesemaje. Mara moja mtu akauliza, "Mzee siku hizi unaandika, sauti umempa nani?" Mama mdogo akasema andika hivi, koo limeota kutu. Walicheka sana. Mmoja akamshauri tangawizi.

Niseme wazi kwamba sikuona ubaya wowote. Huku nje kila mtu alikuwa ameanza kusema "marehemu", hata mimi. Kule ndani ya simu hakuna aliyesema hivyo. Kule alikuwa na koo bovu tu.

Halafu simulizi ikaanza kuchosha.

Haikuwa ghafla. Ilianza kwa kuoga. Kila sehemu Binti wa Kome na Mtu wa Ng'ambo wanashuka mtoni kuoga, wanaangaliana, maji yanametameta kwenye ngozi zao kama mbalamwezi. Mara ya kwanza wanawake walinyamaza kwa aibu nzuri. Mara ya tatu mke wa mwalimu akasema, "Hawa watu walikuwa wasafi kuliko sisi. Kwangu maji hayajatoka tangu juzi."

"Na mizizi nani anachimba?" wifi akauliza. "Kutwa wanaangaliana tu. Wanakula macho?"

Baadaye fisi. Fisi mmoja mwenye jicho moja aliwafukuza sehemu baada ya sehemu, wakipanda mti anakaa chini, wakishuka anawafukuza tena. Kundini wakaanza kuandika, "Mtunzi, huyo fisi hana familia?" na, "Nimeolewa, nimezaa, fisi bado anakimbia." Wengine walikuwa wanatania. Wengine hawakutania. "Mwanzo ilikuwa tamu, sasa ni maji matupu." "Naomba mnitoe, simu yangu inajaa bure." Chini yake likatokea lile andishi dogo la kijivu linalosema fulani amejitoa. Nilizoea kuliruka ninaposoma, lakini mama mdogo alikuwa akiuliza.

"Wamebaki wangapi?"

"Wengi bado, mama mdogo."

"Wa Omani yupo?"

"Yupo."

Uani nako alasiri walipungua. Kiukweli hawakuja kwa ajili ya fisi, walikuja kwa ajili yake, lakini fisi alikuwa amewasaidia kuja. Mtu akiambiwa nenda kakae na mjane anaona uzito, hajui atasema nini. Akiambiwa nenda kasikilize wamefika wapi, anachukua dagaa wake anakwenda. Sasa hapakuwa na wamefika wapi. Mke wa mwalimu akaanza kupita mlangoni anasalimia akiwa amesimama. Wanawake wa mtaa wa pili hawakuonekana tena. Mama mdogo akawa anageuza shingo kila mlango wa uani unapolia, na ukilia kwa upepo anarudisha macho chini.

Nilijaribu kuisoma vizuri zaidi. Niliruka mistari ya kuoga. Sauti ya fisi niliitoa puani ili wacheke. Mimi huyu, ninayetetemeka nikiambiwa nisome ubao. Bibi akaniambia kwa upole, "Mwanangu, unaungaunga. Chungu kimetoboka hicho."

Ndipo mtunzi akamuua Mtu wa Ng'ambo.

Ile sehemu ilikuja siku ya Ijumaa. Kabila la binti linamgundua, anakimbilia mtoni, mto umejaa kwa mvua ya bara, anaingia na gogo lilelile la mwanzo. Binti yuko ukingoni. Anaona gogo linazunguka, linazama, linaibuka tupu. Anakaa pale mpaka maji yanapungua na kumuonyesha tope. Kisha anaokota kome, mmoja mmoja, kwa sababu watu wa pangoni hawajala. Basi, ikaishia hapo. Hakuna kuoga, hakuna mbalamwezi.

Wifi alikuwa ameinamia ungo, machozi yanadondokea kwenye dagaa. Bibi akasema taratibu, "Ndiyo nto ulivyo," akaendelea kusuka. Mama mdogo alikuwa ametazama mbele, macho makavu. Alikuwa bado hajalia mbele yetu tangu siku ile, na hata siku hiyo hakulia.

Habari zikaenda. Kesho yake walikuja wengi, hata waliokuwa wameacha, wakaomba nirudie. Mke wa mwalimu alikuja na mumewe mpaka mlangoni, mume akasikilizia nje. Kundini vilevile, watu waliandika maneno marefu. "Mtunzi umetutoa machozi, heshima kwako." "Hapa ndipo ungemalizia, usiongeze kitu." Mtunzi akajibu kwamba amebakiza sehemu moja fupi ya kufunga, anawashukuru kwa kuwa pamoja naye, na angependa kumsikia Mzee wa Mtoni, maana ule mto ni wake.

Jioni mama mdogo akaniita chumbani. Alikuwa amekaa kitandani upande ule ambao hakuwa akilalia yeye.

"Mwambie amrudishe."

"Nani, mama mdogo?"

"Yule. Si anaandika yeye? Aandike kwamba alishika mkoko. Huko mtoni mikoko ipo, mtu anashika. Mwambie mimi... mwambie Mzee kasema."

Nilitaka kumwambia kwamba watu wanapenda ilivyo. Nikachukua simu. Niliandika: Mtunzi, nakuomba mrudishe. Mto huo naujua, kuna mikoko, mtu anaweza kushika. Nikamsomea, akaitikia kwa kichwa, nikatuma.

Wengine walianza kubisha palepale, lakini mtunzi aliandika, "Mzee akisema nani atabisha?" na alama za kucheka. Nadhani na yeye alikuwa anatafuta sababu ya kuendelea. Sijui.

Mtu wa Ng'ambo alirudi wiki iliyofuata. Alishika mkoko. Akatunzwa na bibi kizee kipofu wa msituni, akapona, akatokea pangoni usiku wa ngoma, amevaa ngozi ya chui, na sasa anajua kuongea lugha ya pangoni vizuri kabisa na kuhutubia. Alihutubia karibu sehemu nzima. Kabla ya hapo Mtu wa Ng'ambo alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa anaonyesha kitu kwa kidevu.

Nilisoma huku naona uani kunabadilika. Nyumba ilikuwa imejaa siku hiyo kwa sababu ya ile sehemu ya kifo. Mmoja akaanza kucheka puani. Mwingine akaegemea bega la mwenzake. Nilipofika kwenye ngozi ya chui wakalipuka.

"Ntu kesha kuliwa na mamba huyo!" bibi akasema. "Katoka matumboni na chui wake!"

"Na hotuba juu," akadakia mke wa mwalimu. "Atagombea udiwani."

Hata mimi nilitabasamu, nitasema nini. Sentensi zenyewe zilikuwa zinachekesha. Nikainua macho nikamuona mama mdogo. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananitazama mdomo, kama mtu anayesubiri nifike mahali ambapo bado sijafika.

Walipoondoka akasema, "Rudia." Nikarudia yote, hotuba na chui na kila kitu. Akasema, "Rudia pale anapoingia." Nikarudia.

"Siye," akasema. "Huyu siye."

Kuanzia hapo tukabaki watatu alasiri, yeye, mimi, na bibi ambaye nadhani angekuja hata ningesoma kitabu cha hesabu. Bado kidogo eda iishe, lakini hicho kidogo kilikuwa kinavutika. Mtunzi alituma sehemu nyingine na nyingine. Mtu wa Ng'ambo akapata mke wa pili, akapigana na yule fisi. Mama mdogo alisema nisome tu, lakini alikuwa haulizi tena kitu. Kundini wale waliomzoea baba mdogo, hata yule wa tangawizi, wakaanza kuondoka bila kuaga. Amejitoa. Amejitoa. Siku moja wa Omani akajitoa. Sikumwambia, akajua. "Wa Omani hajaandika," akasema. Nikasema labda amesafiri. Akasema, "Toka Omani anasafiri kwenda wapi tena?"

Siku iliyomaliza kila kitu wifi alikuwepo. Alileta muhogo, akakaa kidogo, akasema haya soma huo upuuzi wenu nisikie umefika wapi. Nilianza na maoni kwanza, kama tulivyozoea, kabla sijayapitia kwa macho. Huwa nayapitia kwanza. Siku hiyo sikufanya hivyo.

Nikasoma kwa sauti: "Aliyeharibu simulizi hii ni Mzee wa Mtoni. Ilikuwa imeisha vizuri, yeye akalialia arudishwe. Mzee, kuna watu wakifa wanapendeza. Na wewe bora ukae kimya moja kwa moja, maana hata sauti huna."

Chini yake watu kadhaa walikuwa wameweka kidole gumba.

Wifi aliweka kisu cha muhogo chini. "Mzee wa Mtoni si kaka yangu?"

Niligeuza simu kifudifudi mapajani.

"Kaka yangu anatukanwa na nani? Kalialia lini? Si kafa?" Akanigeukia. "We mtoto, umekuwa ukiandika nini humo?"

Ni mama mdogo aliyesema, "Anaandika ninayomwambia."

"Kwa jina lake?"

"Kwa jina lake."

Wifi alimtazama. Nilifikiri atapiga kelele, ana sauti ya sokoni. Badala yake alishika kichwa kwa mikono yake yenye utomvu wa muhogo. "Mngeniambia," akasema. "Na mimi ningetaka kumsalimia."

Mama mdogo alininyooshea mkono nimpe simu. Hajui kurekodi, kwa hiyo nilimshikia mimi, nikabonyeza, nikaisogeza karibu na mdomo wake. Wifi akasema, "Sauti yako, wifi, kwa wanaume usiowajua, na eda haijaisha," lakini alisema kama mtu anayekumbusha tu, hakuinuka kuzuia.

"Asalaam aleikum," mama mdogo akasema. "Mimi ni mke wa huyo mnayemwita Mzee. Mume wangu amekufa. Alikufa siku nyingi, hao wa kwenu walikuwa bado wanahama pango. Hayo ya mtoni hakuyafikia. Aliyeomba arudishwe ni mimi. Msimseme yeye." Akanyamaza, lakini hakuniambia niachie, kwa hiyo sikuachia. Ukili wa bibi ulikuwa unasikika, na jogoo wa jirani. "Koo lake halikuota kutu," akasema mwishoni. "Basi."

Niliachia. Ilikwenda.

Kisha wakaanza. Innalillahi wainna ilaihi rajiun. Poleni sana. Jamani. Yule aliyetukana akafuta maneno yake, pakabaki pale panaposema ujumbe huu umefutwa, akaomba radhi kwa maneno mengi mpaka ikawa kama na yeye anahutubia. Nilisoma yote. Wifi alilia kwa sauti, na safari hii mama mdogo naye akalia, kanga mdomoni, mabega yanatikisika bila mlio. Bibi aliacha kusuka. Ndiyo mara pekee nimemuona ameacha.

Pole ziliendelea mpaka kesho yake, halafu zikaisha. Na watu wakajitoa zaidi kuliko wakati wowote, kwa adabu, mmoja baada ya mwingine, kama wanavyoondoka matangani wakishakula. Sasa hata mle ndani baba mdogo alikuwa amekufa. Kule nje nilishazoea. Mle ndani ilikuwa mpya, na niliiona kwenye uso wa mama mdogo, kwamba ameanza msiba upya wakati wenzake wote wameshauzika.

Mtunzi hakuandika kundini. Alituma pembeni, kwenye namba ya marehemu peke yake, maandishi. Nilimsomea mama mdogo alasiri, tukiwa wawili, bibi alikuwa amekwenda kliniki.

"Mama, pole sana. Sikujua. Mzee alikuwa msomaji wangu wa kwanza wa ukweli. Nilimrudisha yule kwa ajili yake na nimeona imeharibika. Wasomaji karibu wote wamekwenda. Naomba unisaidie, mama. Nimuue tena?"

Mama mdogo alikuwa anachagua mchele. Alichagua kwa muda, akatoa kijiwe, akakiweka kando na vingine.

"Muulize," akasema, "akimuua, atabaki alivyokuwa mwanzo? Yule wa kidevu?"

Niliandika hivyohivyo. Nikatuma. Alama mbili zikageuka bluu mara moja, alikuwa amekaa anasubiri. Juu pakatokea kwamba anaandika. Pakapotea. Anaandika. Pakapotea tena. Nilimuonyesha mama mdogo, akainama kutazama na yeye, nywele zake hazina mafuta, tukatazama wote neno lile linavyokuja na kwenda.

Jibu halikuja. Siku hiyo wala baadaye. Sehemu nyingine pia haikuja, na kundi sasa ni namba chache za watu ambao nadhani wamesahau tu kujitoa. Juzi mmoja wao, ambaye ni wazi hakusoma chochote cha juu, aliandika, "Admini, leta muendelezo."

Mama mdogo ameshatoka eda. Walimuogesha, wakamvika nguo nyingine, wifi akamtia hina. Bado hajaenda huko mtoni kuona alipozikwa. Simu naichaji kila Ijumaa. Akinipa, napandisha juu, juu kabisa, nikipita fisi na chui na zile pole zote, mpaka kwenye sauti yake ya gogo, nabonyeza. Anasikiliza hadi kikohozi, kisha ananirudishia.